Wiki ya kwanza ya kuandika programu chuoni hapa Mbeya, kompyuta inanigomea. Nihame kozi?

Binti_Makete (mleta mada)

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba wasimamizi msiuunganishe uzi huu na zile za "kozi gani inalipa", maana mimi kozi nimeshaichagua na ada imeshalipwa. Shida yangu ni nyingine.

Niko mwaka wa kwanza, kozi ya kompyuta, chuo kimoja hapa Mbeya. Form Six nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Kompyuta shuleni kwetu ilikuwepo moja, ofisini kwa mkuu wa shule, na muda mwingi ilikuwa imefunikwa kitambaa. Sasa nimefika huku, wenzangu waliotoka Dar na Arusha wanachapa bila kuangalia vidole, mimi bado natafuta yale mabano ya kujikunja yako kitufe gani.

Jumatatu mhadhiri kaingia, kaandika ubaoni programu ya lugha ya C ya kuonesha neno moja kwenye skrini, akasema hii mnaijua wote, akafuta. Jumatano tukawa kwenye vigeu, int na float na char (namba nzima, namba ya desimali na herufi). Ijumaa kasema wiki ijayo ni lupu, ile ya kurudia amri mara nyingi. Maabara tunakaa wawili au watatu kwa mashine, na kibodi anashika anayejua, ndivyo ilivyo. Jana nikapata mashine peke yangu kwa sababu mvua ilipiga tangu saa nane mchana na watu wakabaki hosteli. Nikafungua notsi ambazo mhadhiri katuma kwenye grupu la WhatsApp, nikainakili programu yake kama ilivyo na kuibandika. Majibu yake:

error: stray '\342' in program
error: stray '\200' in program
error: stray '\234' in program

Na mengine kibao chini yake. Mstari wenyewe ni wa printf tu, ule wa kuonesha maneno. Nikafuta, nikabandika upya, vilevile.

Dirisha la kuhama kozi bado liko wazi. Kuna mtu humu alianza hivi na akamaliza? Au niende ugavi mapema? Wenye matusi mpite kimya.

Kibodi_Kavu

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Mzee_wa_Faida

Ugavi ndio mpango mzima. Hiyo kompyuta utamaliza uje ufungue steshenari Mwanjelwa, kutoa kopi na kuskani vyeti vya watu. Hama.

Mnyalukolo_Fundi

Kamwene. Mzee_wa_Faida, steshenari ya Mwanjelwa iliyokaa vizuri inaingiza kuliko mishahara ya wengi humu, usiidharau.

Mleta mada, kabla sijasema lolote: hizo notsi ni PDF au picha? Na unadhani alizichapa kwa Word?

Binti_Makete

Ni PDF. Nadhani Word, maana ina jalada na nembo ya chuo, na vichwa vya habari vya bluu.

Mnyalukolo_Fundi

Basi huna kosa hata moja. Tulia nikueleze, maana hili limewakimbiza watu wengi kwenye hii fani bila sababu.

Word ina tabia ya kupinda alama za nukuu. Ukibonyeza kitufe cha nukuu, yenyewe inaamua ya kufungua iinamie huku na ya kufunga iinamie kule, ili barua ipendeze. Kwa macho yako ni kitu kilekile. Kwa kompaila ya C, yaani programu inayotafsiri ulichoandika ili kompyuta iweze kukiendesha, alama hizo za kupinda si chochote. C inaijua nukuu moja tu, ile iliyosimama wima, na ni hiyohiyo kufungua na kufunga.

Na hizo namba hazijatoka hewani. Nukuu iliyopinda ya kufungua inatunzwa kwenye faili kwa baiti tatu. Ukiziandika baiti hizo kwa hesabu ya msingi wa nane badala ya msingi wa kumi tuliouzoea, unapata 342, 200, 234. Nukuu ya kufunga ni 342, 200, 235. Rudi kwenye orodha yako uangalie chini, nina hakika 235 ipo. Kompaila inachosema ni kwamba katikati ya programu imekuta kitu kinachozurura, haikijui na haijui ikiweke wapi.

Dawa: futa nukuu zote mbili, uzichape kwa kidole chako humohumo ndani ya programu mnayotumia kuandikia C. Ukiwa hapo angalia na mengine ambayo Word huyaharibu ikidhani inakusaidia. Neno la kwanza la mstari hulipa herufi kubwa, ukakuta Printf au Int, na C inatofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo Printf kwake ni mgeni. Alama mbili za kutoa zikifuatana, kama kwenye i--, inaweza kuziunganisha ikaweka kistari kimoja kirefu. Nacho kinazurura vilevile.

Binti_Makete

235 IPO! Imejificha chini kabisa.

Nimebadilisha nukuu, na kweli int ya kwanza ilikuwa Int. Imekubali!!! Neno limetokea. Yaani siku nzima ilikuwa nukuu. Asante sana kaka, au dada, sijui.

Kibodi_Kavu

Kwa hiyo mhadhiri katuma programu ambayo haiwezi kufanya kazi, kwa wanafunzi wa wiki ya kwanza, halafu anasema mnaijua wote. Safi sana.

Baba_Wawili_Forest

Tusimtwange mwalimu wa watu. Kwake kwenye kompyuta labda ilifanya kazi, Word ikaiharibu njiani. Anafundisha darasa la watu wengi, anasahihisha, ana na utafiti wake. Mwakilishi wa darasa amwombe tu atume na faili zenyewe za .c, au zile za maandishi matupu, na notsi zibaki kuwa za kusoma. Nina hakika hatakataa, ni kazi ya dakika moja.

Jembe_la_Sae

Mimi naona hii ni kozi ya wanaume. Wasichana waende kwenye uhasibu, huko wanafaa zaidi. Sio matusi, ni ukweli.

Dada_wa_Maabara

Hiyo kompaila tunayoijadili hapa, mtu aliyetengeneza ya mwanzo kabisa ya aina yake ni Grace Hopper, mwanamke aliyekuwa mwalimu wa hisabati Marekani, mwaka 1952. Jembe, ukimaliza kusoma hapo endelea na uzi mwingine.

Mdogo wangu Binti_Makete, mimi nasimamia maabara kwenye chuo kingine, sio chako, kwa hiyo sina la kusema juu ya mhadhiri wako. Nasema ninachokiona kila Novemba wanapoingia wapya. Mtu anakompaili, yanashuka makosa ishirini, anainua mikono juu na kuniita. Namwambia asome la kwanza tu, mengine ayaache kama hayapo. Mengi ya hayo yaliyobaki yamezaliwa na hilo la kwanza. Bano moja likikosekana juu huko, kompaila inapoteza dira na kila kinachofuata inakiona kibaya, hata kilicho sahihi. Rekebisha la kwanza, kompaili upya, halafu ndipo usome tena. Mara nyingi yanabaki mawili, au hakuna.

Namba ya mstari nayo usiishike kama msahafu. Ukisahau nukta-mkato (;) mstari wa 6, kompaila nyingi za zamani, na maabara zetu zimejaa za zamani, zitakuonesha mstari wa 7. Utaukodolea macho huo wa 7 mpaka yakutoke machozi na hauna shida yoyote. Sababu ni kwamba C haijali sana mwisho wa mstari. Sentensi yake inaishia penye nukta-mkato. Isipoiona mwisho wa mstari wa 6, inaendelea kusoma ikidhani bado unaongea, mpaka ikutane na neno ambalo haliwezi kukaa hapo, nalo liko mstari wa 7. Hapo ndipo inapopiga kelele. Kwa hiyo ukiambiwa 7 na ukaona 7 ni safi, panda juu mmoja.

Na kibodi, usikubali. Mkikaa watatu, dai zamu kwa kila zoezi. Anayejua akae pembeni aongee kwa mdomo, asiyejua ndiye achape. Wiki ya kwanza utakuwa mzito na wenzako watasonya. Waache wasonye.

Mwana_Ugavi

Na mimi niseme maana nimetajwa. Mimi ndiye niliyetoka kompyuta nikaenda ugavi na sijutii, niko kazini huku Iringa. Ila sikutoka kwa sababu ya makosa ya wiki ya kwanza. Nilikaa mpaka nikaweza kuandika programu zangu mwenyewe, nikagundua kwamba hata ikikubali sisikii lolote. Wenzangu programu ikikubali walikuwa wanashangilia kama Mbeya City imefunga, mimi nawaza chakula. Wewe nimeona alama za mshangao tatu hapo juu baada ya kurekebisha nukuu.

Kama bado unataka kuhama, kabla ya kujaza fomu yoyote nenda kwanza kwa afisa mikopo wa chuo, kama una mkopo wa HESLB. Hakikisha taarifa zako zinahama pamoja na wewe, usije ukabaki unasubiri boom (hela ya kujikimu) wenzako wameshasaini.

Sauti_ya_Uyole

Tatizo ni C. Nani anaanza na C siku hizi? Python mstari mmoja tu, hakuna nukta-mkato, hakuna mabano ya kujikunja, hakuna sijui int main. Vyuo vyetu vimebaki nyuma. Binti, pakua Python ujifunze mwenyewe usiku, mchana nenda kawaoneshe sura tu.

Mnyalukolo_Fundi

Sauti, Python naipenda na ndiyo inanilisha. Ila usimchanganye mtoto wa watu. Lugha mbili wiki ya kwanza ni kujitafutia balaa, mabano ya huku yatahamia kule.

C ni ya Dennis Ritchie, aliitengeneza Bell Labs huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Python ya Guido van Rossum, Mholanzi, ilitoka 1991. Umri sio hoja hapa. Hiyo Python unayoipakua wewe, ile ya kawaida kutoka kwenye tovuti yao, yenyewe imeandikwa kwa C. Kiini cha Linux ni C, na simu yako ya Android imekaa juu ya Linux. Anayeanza na C anaumia mapema lakini anaona kompyuta inavyotunza vitu. Anayeanza na Python anafika haraka kwenye kutengeneza kitu cha kuonesha watu. Ningekuwa na chuo changu ningeanza na Python, nikiri. Lakini yeye mtihani wake ni wa C, na hana chuo chake.

Bando_Limeisha

Mnajichosha wakuu. ChatGPT ipo. Bandika swali, bandika jibu, lala. Mimi mwaka wa pili huu.

Dada_wa_Maabara

Na UE, mtihani wa chuo, utabandika wapi? Vyuo vingi vyetu mtihani wa programu unaandika kwa peni, kwenye karatasi, na msimamizi anazunguka. Kuna vijana wanaleta kazi za nyumbani zinazong'aa, na maelezo ya Kiingereza kila mstari, halafu kwenye karatasi ya mtihani hawawezi kuandika lupu ya kuhesabu moja hadi kumi.

Siipigi vita. Ukishasoma kosa mwenyewe na ukalikosa kabisa, muulize maana ya kosa hilo. Usimwombe programu. Kumuuliza "hili kosa linamaanisha nini" na kumwambia "niandikie" ni tofauti ya kufaulu na kurudia somo.

Bando_Limeisha

Dada umekuja na moto.

Binti_Makete

Nimerudi wakuu. Nimesoma yote. Leo nimeshika kibodi, jirani yangu kanuna ila amekaa.

Sasa nina kingine. Zoezi linasema tuandike programu inayosoma namba mbili na kugawa moja kwa nyingine kupata wastani. Mimi nikaona niweke kitu ninachokijua, mama analima viazi nyumbani, nikaweka eka na magunia:

int magunia, eka;
float wastani;
scanf("%d %d", &magunia, &eka);
wastani = magunia / eka;
printf("%f", wastani);

Nimeingiza magunia 75, eka 2. Imeniletea 37.000000. Hakuna kosa lolote, haijalalamika popote. Lakini 75 kugawa kwa 2 ni 37.5, hata bibi yangu anajua. Nusu gunia limeenda wapi?

Kibodi_Kavu

Kala dalali.

Mzee_wa_Faida

Hapo hata lumbesa hujaweka. Ukiweka lumbesa yanabaki thelathini.

Mwana_Ugavi

Hahaha. Mzee_wa_Faida leo umeamka vizuri.

Baba_Wawili_Forest

Hili acha nilijibu mimi, maana ndilo lililonipendeza kuliko yote kwenye uzi huu.

Programu yako imeandikwa vizuri kabisa kisarufi, ndiyo maana kompaila haikusema neno. Kompaila inakagua kama umeandika C. Haijui kama ulitaka viazi au mahindi, wala haijui kwamba 37 ni jibu la kijinga.

Twende mstari wa wastani. Wewe unausoma kuanzia kushoto: "wastani, ambao ni float, ni sawa na magunia kugawa eka." Unadhani kwa kuwa wastani ni float basi hesabu itafanyika kwa desimali. Kompyuta inaanza kulia. Inaangalia magunia: namba nzima. Inaangalia eka: namba nzima. Kwenye C, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, jibu ni namba nzima, na kinachobaki kinatupwa. Hakikadiriwi kwenda juu wala chini, kinakatwa tu. 75 kwa 2 ni 37, inabaki 1, ile 1 imeshatupwa. Baada ya hapo ndipo 37 inapelekwa kwenye wastani, na kwa kuwa wastani ni float, inavalishwa desimali, 37.000000. Zile sifuri sita zinakudanganya uone kama hesabu ilifanyika kwa desimali. Haikufanyika.

Ukitaka nusu gunia lako, ilazimishe namba moja iwe ya desimali kabla ya kugawa:

wastani = (float) magunia / eka;

Moja ikishakuwa float, na nyingine inabadilishwa ifanane nayo, na kugawa kunakuwa kwa desimali. Angalia mabano yanavyokaa. Ukiandika (float)(magunia / eka) umerudi kulekule, kwa sababu umegawa kwanza ndipo ukabadilisha.

Na njia nyingine, tangaza magunia kama float tangu mwanzo na kwenye scanf utumie %f kwa hilo. Ukibadilisha aina kule juu ukasahau kubadilisha %d kwenye scanf, utaletewa namba za ajabu ajabu ambazo hata dalali hawezi kuzieleza.

Sauti_ya_Uyole

Na kwenye Python 75/2 ni 37.5 bila kelele. Nasema tu.

Mnyalukolo_Fundi

Kwenye Python 3. Python 2 ilikuwa inatoa 37 vilevile. Nasema tu.

Binti_Makete

37.500000. Jamani.

Nimejaribu na ile ya mabano mabaya makusudi nione, kweli imerudi 37. Na nimeingiza eka 0 kwa utani kabla sijaweka float, programu imekufa yote, dirisha likafungwa.

Baba_Wawili_Forest

Kuingiza eka 0 bila kuambiwa na mtu! Sawa sawa. Kugawa namba nzima kwa sifuri kunaiua programu kwenye mashine nyingi. Ndiyo maana mbele huko mtajifunza if, ili uulize kwanza kama eka ni sifuri. Na mkifika kwenye if, kulinganisha ni alama mbili za sawasawa. Ukiweka moja, yaani if (alama = 40), hujauliza kitu, umeiwekea alama thamani ya 40, na kwa kuwa 40 si sifuri C inachukulia kwamba ni kweli. Darasa zima litafaulu, hata asiyefanya mtihani.

Kibodi_Kavu

Naomba hiyo programu itumike kwenye UE yangu.

Dada_wa_Maabara

Na kwa kuwa wiki ijayo ni lupu: usiweke nukta-mkato baada ya mabano ya for. Ukiandika for (i = 1; i <= 10; i++); na nukta-mkato pale mwisho, lupu itazunguka mara kumi bila kufanya chochote, halafu printf iliyo chini itafanya kazi mara moja tu, na ukionesha i itakuwa 11. Kompaila itakaa kimya, labda uwe umeiambia ikupe maonyo. Mkitumia kompaila ya gcc ongezeni -Wall kwenye amri, inaonya mengi ya namna hii. Maabara nyingi hawawafundishi hilo, sijui kwa nini.

Ndaga_Fijo

Ugonile wakuu. Mimi sio mwanafunzi, nina mdogo wangu yuko kozi hiyohiyo, anadai kompyuta mpakato. Hali ni ngumu. Ni lazima?

Mashine_Kabwe

Lazima hapana, ila maabara peke yake haitoshi, hasa wakianza miradi. Usinunue mpya. Chukua mtumba wa zile za maofisini, HP EliteBook, Dell Latitude au ThinkPad. Kwa C na Python RAM ya GB 4 inasogea, 8 ni raha. Hakikisha ina SSD (diski ya kasi), hiyo ndiyo utaisikia tofauti yake kuliko kitu kingine chochote.

Dukani usitoe hela kabla hujafungua Notepad ukabonyeza kila kitufe, hasa mabano yale ya kujikunja, nukta-mkato na nukuu, maana huyu ndio mkate wake. Funga na kufungua mfuniko usikilize bawaba. Izime, iwashe, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kabla Windows haijafunguka) uone kama inadai neno la siri. Ikidai, achana nayo, hiyo ilitoka ofisini na haikuachiwa vizuri. Chomoa chaji uone betri inashuka kwa kasi gani ukiwa bado umesimama dukani.

Akishainunua, kuna mtego mmoja. Akienda kupakua Code::Blocks, programu ya kuandikia C, ataona mafaili mengi yanayofanana. Achukue lenye neno mingw kwenye jina lake. Lile jingine ni dogo, linashawishi kwa mwenye bando kidogo, lakini halina kompaila ndani. Litafunguka vizuri na kila akikompaili litamwambia halioni kompaila.

Ndaga_Fijo

Ndaga kaka. Sasa hiyo hela mpaka mahindi yauzwe. Kwa sasa ana simu tu, Android ya kawaida. Afanyeje?

Mashine_Kabwe

Simu inatosha kwa mwezi wa kwanza. Kwa Python kuna Pydroid 3, akishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Kwa C aweke Termux, programu ya kuandikia amri, ile ya kutoka duka la F-Droid, kisha aandike:

pkg install clang

Asubiri, itakula bando kidogo, afanye usiku. Baada ya hapo anaandika programu kwa nano (kihariri cha maandishi) na kukompaili:

clang viazi.c -o viazi
./viazi

Uzuri wake anazoea kuandika amri mapema. Ubaya ni kibodi ya simu, inaweza kumpindia nukuu kama Word, aangalie mipangilio yake.

Ndaga_Fijo

Nimempa simu yupo hapa pembeni. Kila kitu kimekubali mpaka ./viazi, inasema Permission denied. Faili ameliweka kwenye folda ya Download ili alione kirahisi.

Mashine_Kabwe

Ndiyo penyewe. Android hairuhusu kuendesha programu kutoka Download au sehemu yoyote ya hifadhi ile ya picha na miziki. Aandike cd peke yake, bila kitu mbele, arudi nyumbani kwa Termux. Alihamishie faili hapo, akompaili upya hapohapo.

Ndaga_Fijo

Imefungua. Anaulizwa magunia.